Arudhi ya Mtupo Huru

Jina lenyewe linapotosha. Katika mpira wa kikapu hakuna kitendo kilichobanwa na kanuni kama mtupo huru. Mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, ringi iko mita 3.05 juu ya sakafu, na FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, inakupa sekunde 5 tu. Uhuru uliopo ni kwamba hakuna wa kukuzuia. Kama mtupo huu ni shairi, basi tusilitafute kwa akina Kezilahabi, watunzi wa mashairi huru. Hii ni tarbia, shairi la vina na mizani, na silabi moja ikizidi ukumbi mzima unasikia.

Tuanze na fani tuliyoizoea. Mguu wa upande wa mkono wa kurushia umetangulia kidogo, kiwiko kiko chini ya mpira, mkono wa pili umeuegemea ubavuni. Magoti yanakunjuka, kiwiko kinanyooka, kifundo cha mkono kinainama, vidole vinauaga mpira. Inapendeza. Lakini kila kiungo hapo kinaweza kughafilika kivyake, na mkono wa pili, ambao kazi yake ni kutulia, ndio aghalabu unaousukuma mpira pembeni dakika ya mwisho. Anayekosa kushoto na kulia aanze kuuchunguza huo. Ambaye mpira wake unagonga mbele ya ringi aanzie magotini. Tena mpira ukipita chinichini, ringi ya sentimita 45 inafinyika machoni pake ikawa mwanya, na mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 24 hivi.

Steve Nash, mchezaji wa ligi ya Marekani ya NBA, aliirekebisha fani hii kwa ndani. Kabla ya kupewa mpira, alirusha hewani kwa mikono mitupu, kama mghani anayelipitia shairi kimoyomoyo. Alimaliza maisha yake ya NBA akiwa amefunga zaidi ya asilimia 90 ya mitupo yake huru.

Utungo unaonivutia zaidi, hata hivyo, ni wa Rick Barry, naye wa NBA. Mikono yote miwili imeushika mpira ubavuni, imening'inia mbele ya mapaja. Magoti yanakunjwa kidogo, mikono inapanda pamoja, na mpira unatoka ukizunguka kinyumenyume, taratibu. Hapa kuna urari wa kweli: kushoto na kulia vina kazi moja, kwa hiyo hakuna msaidizi wa kuharibu. Viwiko na vifundo havina mengi ya kufanya, bega ndilo linalobeba mzigo. Mpira unatua mwepesi, hata ukigusa chuma unaweza kusitasita kisha ukaingia. Msimu wa 1978–79, akiwa Houston Rockets, Barry alirusha mara 169 akakosa 9.

Basi kwa nini hauigwi? Kwa sababu watazamaji huisoma fani kabla ya kuhesabu pointi. Wamarekani wameupachika jina la mtupo wa bibi, na Barry mwenyewe, baba yake alipomshawishi utotoni, alikataa kwanza akisema wasichana ndio warushao hivyo. (Bibi zetu wamerusha mengi kwa mikono miwili, na hawakukosa.) Simwambii kila kijana aubadili mtupo wake, anayepata nane kati ya kumi abaki na wake. Ila anayekosa nusu, analinda nini?

Wilt Chamberlain, naye wa NBA, alilijua swali hilo. Msimu wa 1961–62 alirusha kwa chini namna hiyo, akafikia asilimia 61, kiwango chake cha juu kabisa. Tarehe 2 Machi 1962, kule Hershey, Pennsylvania, alipofunga pointi 100, mitupo huru 28 kati ya 32 iliingia. Baadaye aliuacha mtupo huo. Katika kitabu cha maisha yake alikiri kwamba alijiona kichekesho akirusha vile, na kwamba alijua anakosea kuuacha. Msimu wa 1967–68, akirusha kwa juu kama wanaume wenzake, alipata asilimia 38.