Ukiwatoa Somerset kwenye hesabu za Meja Poore

Katika kriketi, wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mikimbio yake kwa mara alizotolewa, si kwa mara alizoingia uwanjani. Bila kulijua hilo, mtu hawezi kuupima msimu wa 1899 wa Meja Robert Poore, ofisa wa wapandafarasi wa Uingereza aliyeichezea Hampshire kwa ridhaa. Alipata mikimbio 1,551 katika zamu 21. Zamu nne hakutolewa, kwa hiyo tunagawanya kwa 17: wastani 91.23.

Sehemu kubwa ya mikimbio hiyo aliipata kati ya Juni 12 na Agosti 12. Je, miezi miwili inatosha kumpima mtu?

Tuanze na Taunton, mwezi Julai. Wapinzani, timu ya Somerset, walikuwa na mikimbio 315. Hampshire walipojibu, wapigaji watano walishatolewa kwa mikimbio 63 tu. Hapo Poore akaungana na ofisa mwenzake wa jeshi, Kapteni Teddy Wynyard, na kwa saa nne na dakika 20 wakaongeza 411. Huo ni mwendo wa karibu mikimbio 95 kwa saa, kasi ambayo haipatikani kwa kujilinda. Poore alikuwa na urefu wa futi sita na inchi nne; mtu wa kimo hicho akinyoosha mguu mbele huufikia mpira kabla haujapata nafasi ya kupinda. Wynyard alimaliza na 225, Poore 304.

Lakini Somerset hao hao walikuwa wameshapigwa naye kule Portsmouth: 104, kisha 119 bila kutolewa. Jumla yake dhidi yao ni 527 kwa kutolewa mara mbili, theluthi nzima ya msimu wake! Hapa ndipo shaka ya kweli ilipo, kwamba huenda timu moja tu ndiyo iliyoupandisha wastani wake, hasa tukikumbuka kuwa mwaka 1896, akiichezea Afrika Kusini mechi tatu za Testi (mechi rasmi za kimataifa) dhidi ya Uingereza iliyokuwa na mrushaji hatari George Lohmann, wastani wake ulikuwa 12.66.

Basi tuwaondoe Somerset kabisa. Inabaki mikimbio 1,024 kwa kutolewa mara 15, wastani wa 68. Ranjitsinhji, nyota wa msimu ule, alipata 63.18.

Ranjitsinhji, hata hivyo, alikusanya mikimbio 3,159 kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho, na kwangu yeye ndiye mpigaji bora wa mwaka ule. Poore aling'ara kwa miezi miwili tu, na vita vya Makaburu vilipoanza Oktoba alirudi kwenye kazi ya jeshi. Lakini ndani ya miezi hiyo hakuna aliyemfikia, na ule wastani wa 91.23 haukupitwa katika msimu wa Uingereza hadi Don Bradman alipofikisha 98.66 mwaka 1930.