Kinshasa 1974: Kamba Hazikumwokoa Ali

Kama hujawahi kuangalia filamu ya When We Were Kings, itafute wikiendi hii. Ni filamu ya kumbukumbu ya Leon Gast iliyotoka mwaka 1996 na kupata tuzo ya Oscar, kuhusu pambano la Muhammad Ali na George Foreman lililopigwa Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Utamwona Mobutu, utamsikia James Brown, utasikia umati ukiimba kwa Kilingala "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Kama burudani na kama historia, sina ugomvi nayo mkubwa.

Ugomvi wangu ni mmoja. Filamu hii ndiyo iliyowafundisha watu wa rika letu namna Ali alivyojikinga usiku ule, na somo ambalo wengi hutoka nalo si sahihi. Tena ni somo linaloweza kumuumiza mtu.

Hadithi yenyewe unaijua. Foreman, miaka 25, alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40, na 37 kati ya hayo kwa KO. Ali alikuwa na miaka 32. Kila mtu alitegemea Ali akimbiekimbie ulingoni. Badala yake, kuanzia raundi ya pili alijiegemeza kambani, akafunika uso kwa glovu, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Raundi ya nane Ali akatoka kambani, akamshushia mfululizo wa ngumi, na refa Zack Clayton akahesabu mpaka kumi. Mbinu hiyo ikapewa jina la Kiingereza linalomkejeli Foreman kama mjinga aliyenaswa na kamba. Hapa nitaiita tu mbinu ya kambani.

Ukiuliza kwa nini ilifanya kazi, utapewa majibu mawili. La kwanza: kamba zililegea, zikameza nguvu ya ngumi. La pili: Ali alikuwa na moyo wa chuma, alivumilia. Hebu tuyapime moja moja.

Je, kamba zilimeza ngumi?

Tuanze na ngumi yenyewe. Mwaka 2005 watafiti walipima ngumi za mabondia saba wa kiwango cha Olimpiki waliopiga taya la sanamu yenye vipimo ndani yake. Kwa wastani mkono ulikwenda kwa mita 9 kwa sekunde, na ngumi ilifanya kazi kana kwamba ina uzito wa kilo 2.9 hivi. Zidisha, utapata msukumo wa takriban 26 kwa vipimo vya kilo na mita kwa sekunde. Foreman huenda alipiga zaidi ya hapo, lakini tuchukue hiyo 26.

Sasa mpe msukumo huo Ali, aliyepima kilo 98 kabla ya pambano. Ngumi ikitua kwenye mikono iliyobanwa kifuani, na mwili mzima ukaipokea kama kitu kimoja, mwili utasogea kwa kasi ya 26 gawanya kwa 98: mita 0.27 kwa sekunde. Mwili wa binadamu si gogo, najua, ila makadirio haya yanatosha kwa kazi yetu.

Ngumi hukaa mwilini kwa muda gani? Tuseme milisekunde 15. Katika muda huo, kwa kasi ile, mgongo wa Ali utakuwa umesogea kama milimita 4 tu. Milimita nne! Kamba ya ulingo ikivutwa milimita 4 haijafanya lolote la maana. Yaani ngumi imekwisha kabla kamba hazijapata habari. Kilichopunguza makali ni vitu vilivyo mbele ya mwili: glovu, misuli ya mikono na uzito wa kiwiliwili.

Basi kamba zilifanya kazi gani? Zilimpa mahali pa kulala. Jaribu sasa hivi: simama wima, kisha rudisha kichwa na mabega nyuma kadiri uwezavyo. Mara moja utatafuta pa kushika, kwa sababu uzito wako umevuka visigino. Ali hakuwa na tatizo hilo. Kamba zilimshika mgongo, akaweza kupeleka kichwa nje ya ulingo kabisa, mahali ambapo mkono wa Foreman ulifika ukiwa umeshanyooka wote.

Na hata ngumi iliyomfikia ilikuta kichwa kikikimbia. Kichwa kikirudi nyuma kwa mita 2 kwa sekunde, ngumi ya mita 9 inakuwa kama ya mita 7. Unaona tofauti ndogo? Nishati hufuata kipeo cha pili cha kasi: 49 badala ya 81. Karibu asilimia 40 imeyeyuka, na kamba haijameza kitu.

Kichwa si kiwiliwili

Hapa ndipo filamu inaponiudhi hasa. Wanaotuongoza ndani ya pambano ni waandishi wawili, Norman Mailer na George Plimpton. Ni wasimulizi hodari mno. Mailer anaeleza vizuri jinsi Ali alivyoanza raundi ya kwanza kwa kumrushia Foreman mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia bingwa huona kama dharau. Hapo nilijifunza kitu. Lakini tukifika kambani, maelezo yanageuka kuwa ya roho: ujasiri, hofu, hata uchawi. Gadi ya Ali, yaani mikono yake ilikaa wapi na kwa nini, haipati nafasi inayostahili.

Na gadi ndiyo habari yenyewe. Rudi kwenye 26 yetu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi. Ngumi ileile iliyousogeza mwili mzima kwa mita 0.27 kwa sekunde, ikikikuta kichwa peke yake, ingekipa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Shingo hupunguza kidogo, ila pengo bado ni kubwa sana. Ndiyo maana kila gadi katika ndondi, ukiichunguza, ni jibu la swali moja: nitafanyaje ngumi iliyokusudiwa kilo 5 ikapokelewe na kilo 98?

Floyd Patterson alijibu kwa kuweka glovu zote mbili mashavuni. Archie Moore alijibu kwa kukunja mikono yake kama mtu anayesikia baridi, mmoja juu ya mwingine mbele ya uso. Ali wa Kinshasa alijibu kwa glovu juu, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, na kichwa kikiwa nyuma.

Kuna sababu ya pili ya kukilinda kichwa. Mwaka 1943 mwanafizikia Holbourn wa Oxford alitumia vielelezo vya jelatini kuonyesha kwamba ubongo hausumbuliwi sana na kubanwa. Unasumbuliwa na kuzungushwa. Ukikizungusha kichwa ghafla, tabaka za ubongo huteleza zikivutana. Kidevu ni mpini mzuri wa kuzungushia kichwa. Glovu ikiwa shavuni na kidevu kikiwa chini, umemnyima mpinzani mpini huo.

Foreman alichokaje?

Filamu inamwonyesha Foreman akipungua kama betri ya simu. Kweli, lakini kwa nini? Mapambano yake matatu ya ubingwa kabla ya Kinshasa, dhidi ya Frazier, Roman na Norton, yalichukua raundi 5 kwa jumla. Mwili wake ulikuwa umezoea kulipua na kwenda nyumbani. Ngumi nzito hutumia akiba ya fosfokreatini kwenye misuli, na akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kujaa tena. Mapumziko kati ya raundi ni dakika 1. Kila raundi alianza na deni la raundi iliyopita.

Angalia picha zenyewe na utaona zaidi: Ali anamkumbatia Foreman, anaivuta shingo yake chini, anajibu kwa ngumi fupi za uso pale Foreman anapojiachia. Hiyo ni kazi. Anayekwambia Ali "alivumilia tu" hakuangalia vizuri.

Gharama

Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Kinshasa, Corsellis na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliofariki, wakieleza uharibifu uliotokana na miaka ya ngumi. Kwa hiyo elimu ilikuwepo. Na gadi ya kambani ina shimo: inaacha ubavu na kiuno kwa mpigaji. Daktari wa kona ya Ali, Ferdie Pacheco, aliondoka mwaka 1977 baada ya pambano na Earnie Shavers, akiwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha figo za Ali zinaumia. Ali aliendelea kupigana mpaka 1981. Mwaka 1984 akagundulika na dalili za Parkinson.

Siwezi kukwambia ugonjwa ule ulitoka Kinshasa. Hakuna usiku mmoja unaoweza kubebeshwa mzigo huo. Ninachosema ni kwamba mbinu iliyofanikiwa mara moja, dhidi ya mtu mmoja mwenye pumzi fupi, ilisimuliwa kama siri ya ushindi. Kijana wa gym anayeangalia filamu hii anajifunza kwamba bingwa ni yule anayepigwa bila kuanguka. Kesho yake anawaacha wenzake wamchape mazoezini ili "azoee". Ubongo hauzoei. Misuli ya tumbo inakomaa kwa mazoezi. Tishu iliyo ndani ya fuvu haina utaratibu huo.

Kama ningeruhusiwa kuongeza dakika tano kwenye filamu, ningempa kocha badala ya mwandishi. Ningetaka pia tukumbushwe nani alikuwa kona ya Foreman usiku ule: Archie Moore, yuleyule wa mikono iliyokunjwa. Foreman kijana hakuihitaji gadi ya mzee. Aliporudi ulingoni akiwa mtu mzima aliitumia, na Novemba 1994, akiwa na miaka 45, akamwangusha Michael Moorer raundi ya kumi na kuupata tena ubingwa.

Iangalie filamu basi. Ila raundi ya pili ikianza, ondoa macho kwenye mikono ya Foreman. Fuata kichwa cha Ali, uhesabu ni mara ngapi kinapigwa kikiwa kimetulia.