Grafu Isiyokatika Inadanganya

Wanaoisifu programu ya kuendeshea majaribio angani iliyoonyeshwa hapa Musoma wamesifu rangi. Skrini inang'aa, dunia inazunguka, grafu inapanda na kushuka bila kukatika. Hapohapo ndipo kazi ilipoharibika, maana grafu ya telemetria, yaani vipimo vinavyotumwa kutoka chomboni, lazima ikatike.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinakimbia kama kilomita 7.66 kwa sekunde, na mawasiliano yake kupitia setilaiti za kupokezana mawimbi, TDRS, hukatika mara kwa mara. Katika dakika 5 za ukimya kimeshapita zaidi ya kilomita 2,000, na mtafiti hajui kama tanuri lake la majaribio huko juu limepoa au limeungua. Fundi wa kweli huliacha pengo wazi. Mbabaishaji huunganisha nukta mbili kwa mstari laini, nawe ukaamini katikati kuna kilichopimwa. Kisha angalia namba. Mawimbi yakipotea, ile ya mwisho hubaki palepale. Je, inafifia? Inaonyesha ilipimwa saa ngapi, tena kwa saa ya chombo chenyewe, si ya kompyuta ya mezani? Abiria akikupigia simu yuko Bunda, saa nzima baadaye husemi bado yuko Bunda.

Muuzaji mmoja wa programu kama hizi nilimwomba, pale Butiama, achomoe waya wa antena. Akachomoa, na joto kwenye skrini likaendelea kupanda. Ilikuwa rekodi.

Taa ya kijani ya "imeunganishwa" nayo haina thamani. Novemba 2023 mawimbi ya chombo cha anga cha Voyager 1 yaliendelea kufika, lakini ndani yake mlikuwa na mfuatano uleule ukijirudia. Wahandisi wa maabara ya JPL walisoma kumbukumbu ya kompyuta ya chombo, wakakuta sehemu imekufa, wakahamishia msimbo wake kwingine, huku kila amri ikisafiri zaidi ya saa 22. Aprili 2024 telemetria ikasomeka tena. Hao ndio mabingwa.

Kwenye skrini, amri iliyotumwa, iliyopokelewa na iliyotekelezwa zionekane kama mambo matatu tofauti. Hilo halijadiliwi.

Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, Malindi, ilituachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Enzi zile hakuna aliyehitaji dunia izunguke kwenye skrini. Basi usuli uwe mweusi, namba zikae kwenye safu zilizonyooka, na sauti za kengele zibaki kwa hatari tu.