Mshenzi wa Mchezoni

Ndugu msomaji, katika michezo ya kompyuta inayowashughulisha vijana siku hizi upo mmoja ambao jina lake, lau lingetiwa Kiswahili, lingekuwa "Ustaarabu". Wenyewe wauita Civilization. Ulitoka Marekani mwaka 1991, mtungaji wake mkuu akiwa Sid Meier, na toleo lake la saba limetoka mwaka 2025. Si mchezo wa kukimbizana na kupiga risasi ovyo. Ni mchezo wa zamu, kama bao: wacheza wewe, kisha wangoja wenzako wacheze. Wapewa watu wachache na ardhi usiyoijua, wajenga mji, walima, watafuta elimu, na maelfu ya miaka hupita mbele ya macho yako. Mwenye pupa hauwezi. Kwa hilo nausifu, na anayetaka kuambiwa kuwa ni haramu asinitazamie mimi. Nataka kukitazama kitu kimoja tu ndani yake, nacho ni yule adui ambaye vijana wa huku kwetu Mkange, wanapouchezea, humwita kwa neno letu la zamani: mshenzi.

Ni nani huyu? Katika mchezo huo wako wafalme wenye majina, nao waweza kuzungumza nao, kufanya biashara, kupigana na kupatana. Mshenzi hana hata moja katika hayo. Nitachukua toleo la sita, la mwaka 2016, kwa kuwa ndilo nililoketi nalo siku nyingi, nikifunzwa na kijana mmoja mwenye subira. Humo kambi ya washenzi huchipuka yenyewe penye giza, yaani mahali ambapo hakuna jicho la mchezaji yeyote linalopaona. Haina mwanamke wala mtoto, haina shamba wala kaburi. Mshenzi hajengi mji, na hana ulimi wa kusema nawe. Ajabu nyingine ni kwamba kadiri dunia inavyoendelea silaha zake nazo zaendelea, hata akashika bunduki, ingawa hana mhunzi wala duka. Nani aliyemwuzia? Mchezo haujibu. Sisi tulio karibu na Saadani twalijua jibu la kweli, kwani bunduki walizokuwa nazo watu wa bara zilipita Saadani, Bagamoyo na Pangani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Mtu mwenye bunduki alikuwa mtu mwenye mteja, na mteja huyo alikuwa mjini.

Lakini lililonisimamisha zaidi ni habari ya mpelelezi. Kabla washenzi hawajakushambulia, kambi yao hutuma mtu mmoja kutembea. Akiuona mji wako hurudi kwao kutoa habari, na hapo ndipo jeshi linapokuja. Basi wachezaji hodari wote husia jambo moja: muue huyo kabla hajafika kwao. Tafakari, msomaji. Huyu hajaiba kuku, hajachoma banda. Kosa lake ni kuwa ameuona mji wako. Na kwa hesabu ya mchezo ushauri huo ni sahihi kabisa! Hapo ndipo penye ubaya wake, kwa maana anayeufuata hafanyi ukatili kwa kupenda ukatili, bali huufanya kwa kuwa ameambiwa ndiyo busara. Sisi tumelelewa kwa msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone. Katika mchezo huu mwenyeji hupona kwa kumwahi mgeni.

Kisha tazama malipo. Ukiivunja kambi wapata dhahabu. Ukiua washenzi watatu, watu wako wanafunguliwa sehemu ya njia ya elimu ya kufua shaba, kana kwamba maiti ni mwalimu. Na iko itikadi moja ambayo mchezaji aweza kuichagulia kaumu yake, ambayo kila kambi ikivunjwa huongezewa imani hamsini. Imani, ndugu yangu! Yahesabiwa kama pishi za mchele, na bei yake ni watu wasio na jina. Nilimwomba kijana anisomee mara ya pili, akanisomea, ikawa vile vile.

Mtu ataniambia: "Sheikh, huo ni mchezo tu, hata bao lina kula." Ni kweli, bao lina kula, na wazee wetu barazani hulana hata magharibi iwakute. Lakini litazame bao kwa makini. Kete zake ni sitini na nne, na mchezo unapokwisha ni sitini na nne vile vile. Kete uliyoila huitupi nje. Waitia katika mashimo yako, na tangu hapo yatembea pamoja na zako hata usiweze kuitambua tena. Sisemi kuwa aliyelitunga alikusudia kutoa somo. Nasema tu kwamba upo mchezo wa zamu, mgumu na wenye ushindi mkali, ambao haukuhitaji kiumbe wa kutupwa.

Sasa tusijifanye kuwa jambo hili limetujia kutoka ng'ambo kama soda. Wayunani walimwita mgeni kwa sauti ya bar-bar, kwa kuwa maneno yake hayakuwaingia masikioni, na ndiko lilikotoka neno la Kizungu la mchezo huo. Waarabu walisema ajam, mtu asiyesema kwa ufasaha. Na sisi wa pwani tukawa na neno letu. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikishuka Bagamoyo, watu wa mji walijiita wastaarabu, na ustaarabu kwa asili yake ni kujifananisha na Waarabu. Aliyetoka bara akawa mshenzi, hata kama ndiye aliyebeba mgongoni pembe iliyojenga nyumba ya mawe ya yule aliyemtukana. Tena neno halikuhitaji safari ndefu. Wadoe, Wazigua na Wakwere, ambao ndio wengi wetu upande huu, walikuwa hatua chache tu nyuma ya mji, nao wakaingizwa humo. Burton, Mwingereza aliyepita mwaka 1857, aliandika kuwa Wadoe hula watu. Hata leo yuko mtu atakayekukumbusha hayo kwa mzaha ukisema kwenu ni wapi.

Na aliyekuwa akiita wenzake hivyo, zamu yake ilifika. Mwaka 1888 pwani yote iliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani. Walikuwamo majumbe, Waarabu kama Abushiri bin Salim, Wazigua pamoja na Bwana Heri wa Saadani, na wengine wengi, kila mmoja na sababu zake. Huko Ujerumani wote walitiwa kapu moja, vita vikaitwa uasi wa Waarabu, na vikaelezwa kuwa ni vya kukomesha biashara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwako, na ilikuwa dhulma, siifichi. Lakini jina hilo moja liliwafuta wote waliopigania forodha yao, heshima yao na miji yao. Januari 1889 bunge la Ujerumani likatoa marki milioni mbili, na Wissmann akaja na jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka ule ule. Ama Bwana Heri, mji wake uliharibiwa, lakini mwaka 1890 Wissmann huyo huyo alifanya naye sulhu. Basi alikuwa mtu wa kuzungumzika tangu mwanzo.

Mwanachuoni aliyelichunguza jambo hili kuliko wote ni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332. Yeye naye alisema kwa ukali juu ya watu wa majangwani, wala hakuwapamba. Lakini aliona kitu ambacho watunga mchezo hawakukiona: kwamba watu wa nje ya mji wana mshikamano, na kwa mshikamano huo huuteka mji, wakawa wafalme, kisha wajukuu wao wakalegea kwa raha, wakaja wengine kutoka nje. Kwake yeye mtu wa jangwani ni babu wa mfalme. Na Timur alipouzingira mji wa Damascus mwaka 1401, Ibn Khaldun alishushwa kwa kamba ukutani akaenda kuzungumza naye. Timur aliutesa mji ule vibaya, na mazungumzo hayakuuokoa. Hata hivyo walizungumza siku kadhaa, na mzee yule akaandika aliyoyasikia. Katika mchezo, mshenzi habadiliki kuwa kitu. Wamongolia wamo tangu toleo la kwanza kama taifa lenye mfalme, na hakuna jambo ndani ya mchezo linaloeleza kwa nini wao wamepewa mfalme na yule wa kambini akanyimwa. Aliyepanga orodha ndiye aliyeamua.

Haki nayo isemwe. Watunga mchezo wenyewe wameingiwa na wasiwasi. Mwaka 2021 waliongeza katika toleo la sita namna nyingine ya kucheza, ambayo kambi hupewa majina ya koo, na mchezaji aweza kuzihonga, kuziajiri, au kuziacha mpaka zikawa mji. Katika toleo la saba neno lenyewe limeondoshwa. Wanaitwa watu huru, wengine maadui na wengine la, na waweza kujenga nao urafiki. Ni hatua nzuri, lakini bado sijaridhika. Ukoo ule wa mwaka 2021 haupati ulimi wa kusema nawe kama taifa mpaka uwe mji. Ndivyo Bagamoyo ya kale ilivyofanya: vaa kanzu, jenga mjini, ndipo tukusikie. Na yule kijana aliyenifundisha, nilipomwuliza kwa nini hachezi kwa namna hiyo mpya, alinijibu kuwa washenzi wa zamani wana faida zaidi.