Ndege za Vita, Hamu ya Zamani na Jina la Mbwa

Safu hii ya uhakiki imezoea riwaya, tamthilia na ushairi. Mara hii nawaomba wasomaji wenzangu tutoke kidogo nje ya kitabu tuingie kwenye filamu, tena si filamu ya huku kwetu Uganda bali ya Waingereza. Nayo ni The Dam Busters, iliyoongozwa na Michael Anderson na kutolewa mwaka 1955. Sababu yangu ni ya kilugha kama ilivyo ya kifasihi. Wanafunzi wetu wa somo la tafsiri hupewa kazi ya kutia Kiswahili kwenye mazungumzo ya filamu, na katika zote tulizowahi kuzitumia, hii ndiyo iliyozua ubishi mrefu zaidi. Ubishi wenyewe haukuhusu ndege wala mabomu, bali jina la mbwa.

Kwa yule ambaye hajaitazama, kisa ni hiki. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, ndege 19 aina ya Lancaster zenye watu 133 ziliondoka kambi ya Scampton, katika jimbo la Lincolnshire, kwenda kubomoa mabwawa makubwa ya Ujerumani. Mhandisi Barnes Wallis alikuwa amebuni bomu la kududa juu ya maji mithili ya kijiwe wanachorusha watoto ziwani. Ili bomu lifanye kazi, ilibidi ndege iruke futi 60 tu juu ya maji, gizani, huku ikipigwa mizinga. Mabwawa mawili, la Möhne na la Eder, yalipasuka. Ndege 8 hazikurudi. Wanajeshi 53 walikufa na 3 wakatekwa.

Waingereza wana hamu ya zamani isiyoisha juu ya filamu za namna hii, na The Dam Busters imekaa kwenye kiti cha mbele. Muziki wake wa gwaride, uliotungwa na Eric Coates, unajulikana hata na watu wasiowahi kuitazama filamu yenyewe. Wapo mashabiki wa soka wa Uingereza ambao, timu yao ikikutana na Wajerumani, huutoa kwa midomo huku wametandaza mikono kama mabawa. Mwaka 1989 tangazo la bia lilimwonyesha mlinzi wa Kijerumani akidaka mabomu kama golikipa. George Lucas naye alipotengeneza Star Wars mwaka 1977 alizitumia filamu za kale za ndege za vita kuwa kielelezo cha mapambano yake ya angani, na mpiga picha wake Gilbert Taylor alikuwa amefanya kazi ya picha za hila katika The Dam Busters. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayeshabikia vyombo vya anga vikipita kwenye mfereji mwembamba kwenda kulenga shabaha moja tayari ameonja filamu hii bila kujua.

Wahenga walisema vya kale dhahabu. Sawa, lakini dhahabu ipi? Ukiisikiliza hamu hiyo ya Waingereza, utadhani filamu inaishia pale ukuta unapopasuka na maji kufumka. Haiishii hapo. Baada ya ushindi muziki unanyamaza. Tunaonyeshwa meza ya chakula yenye viti vitupu, kisha vyumba vya waliokufa, vitu vyao vikiwa mahali walipoviacha, na saa ikiendelea kugonga. Wallis, aliyecheza na Michael Redgrave, anaelezwa hesabu ya wasiorudi na anavunjika moyo. Guy Gibson, kamanda wa kikosi, aliyeigizwa na Richard Todd, anakataa kwenda kulala kwa kuwa ana barua za kuandika, na sisi tunajua barua hizo zinakwenda kwa nani. Anatembea peke yake na filamu inakwisha. Mwandishi wa mswada, R. C. Sherriff, alikuwa askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia na alijeruhiwa huko, na nadhani mkono wake ndio unaoonekana hapa. Gibson halisi aliuawa Septemba 1944 akiwa na miaka 26. Kwa maoni yangu dakika hizo za mwisho ndizo zinazoifanya filamu hii idumu, na ndizo ambazo wapenzi wake wengi hawazitaji.

Kwa upande wa ufundi filamu ina madoido yake pia. Gibson anakwenda kwenye ukumbi wa michezo, anaona taa mbili zikikutana juu ya wachezaji, na papo hapo anapata wazo la kufunga taa mbili chini ya ndege ili zikutane juu ya maji kwenye kimo kinachotakiwa. Ni onyesho zuri, ila wazo hilo halikutoka kwa Gibson. Tusimlaumu msanii kwa hilo, maana hata watunzi wetu wa riwaya za kihistoria hufanya hivyo.

Lawama yangu iko kwingine. Maji yale yalikwenda wapi? Watu waliokufa bondeni wanakadiriwa kuwa kati ya 1,300 na 1,600, na mamia mengi kati yao walikuwa wageni waliolazimishwa kufanya kazi Ujerumani, wakiwamo wanawake kutoka Muungano wa Kisovieti waliofungiwa katika kambi mjini Neheim. Hawakuwa adui wa Uingereza, walikuwa mateka wa adui huyo huyo. Filamu inaomboleza wanajeshi 53 kwa heshima kubwa, lakini hakuna mtu hata mmoja wa bondeni aliyepewa jina.

Tuje kwa mbwa. Gibson alikuwa na mbwa mweusi aliyempenda sana, akagongwa na gari na kufa kabla tu ya shambulio. Jina lake lilikuwa lile neno la Kiingereza ambalo ndilo tusi kubwa kuliko yote kwa mtu mweusi. Hayo si maneno ya filamu tu. Mbwa aliitwa hivyo kweli, na neno hilo hilo lilitumwa kwa simu ya upepo kuwa ishara kwamba bwawa la Möhne limevunjika. Katika filamu linatamkwa mara nyingi, kwa upendo, na mwishowe kwa shangwe.

Darasa liligawanyika. Wengine waliandika “Popi” au “Simba”, majina ya mbwa wa kwetu, wakasema mtafsiri hana wajibu wa kubeba matusi ya watu. Wengine waliliacha kama lilivyo. Mmoja aliandika “Mweusi”, akijitetea kwamba mbwa ni mweusi kweli. Hilo ndilo jibu nililolikataa mara moja, kwa sababu linasafisha: rangi inabaki, tusi linaondoka. Waingereza wenyewe wamehangaika na jambo hili. Yako matoleo ya televisheni yaliyokata neno hilo, na mwaka 2011, filamu mpya ilipokuwa ikipangwa na Peter Jackson, mwandishi wa mswada wake Stephen Fry alitangaza kwamba mbwa ataitwa Digger. Filamu hiyo haijatoka hadi leo.

Mimi nasimama na wale walioliacha. Nakiri kwamba neno linaumiza. Lakini ukiliondoa unapoteza jambo ambalo filamu inalijua bila kukusudia. Wahusika hawa hawachukii mtu wanapolitamka. Hawalisikii, basi. Tena aliyeliandika na aliyeliongoza hawakulisikia hata miaka 12 baadaye.

Je, ni kwamba hapakuwa na mtu wa kulisikia? Hapana. Cy Grant, mzaliwa wa Guyana, alikuwa mwongoza njia katika ndege hizo hizo za Lancaster, kikosi namba 103, katika jimbo hilo hilo la Lincolnshire. Ndege yake iliangushwa Juni 1943, mwezi mmoja tu baada ya shambulio la mabwawa, naye akakaa kifungoni Ujerumani miaka miwili. Wajerumani walichapisha picha yake gazetini wakimweleza kuwa ni mwanajeshi wa anga wa mbari isiyojulikana. Johnny Smythe wa Sierra Leone aliangushwa Novemba mwaka huo huo. Peter Thomas wa Nigeria alikuwa amepewa uofisa katika jeshi la anga la Uingereza tangu 1942. Ni kweli kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa katika shambulio la mabwawa, na filamu haikukosea kutowaonyesha humo. Ila Grant baada ya vita alikuwa mwigizaji na mwimbaji maarufu wa televisheni huko huko Uingereza, miaka ile ile filamu za marubani zilipokuwa zikifyatuliwa kama matofali. Mtu aliyekaa kweli kwenye Lancaster alikuwapo mlangoni.

Filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969 ilipiga hatua moja inayotuhusu sisi walimu wa lugha: Wajerumani wanazungumza Kijerumani chao, na tafsiri inaandikwa chini. Adui anapata ulimi wake. Marubani wa Poland nao wanasikika wakipayuka kwa Kipolandi redioni na kujifanya hawaelewi amri ya Kiingereza ili wapate kushambulia. Watazamaji hucheka, nami nilicheka, ingawa mzaha wote unasimama juu ya dhana kwamba lugha ya mgeni ni kelele.

Na sisi je? Neno rubani ni la mabaharia wa pwani, aliyejua miamba na kuingiza chombo bandarini, likapandishwa angani ndege zilipokuja. Lakini kwa vijana wa Uganda waliopigana Burma katika King's African Rifles, ndege ilikuwa chakula. Mwaka 1944, katika masika ya bonde la Kabaw, divisheni yao ililishwa kwa vifurushi vya angani, na amri walizipokea kwa Kiswahili. Kiswahili hicho cha kambini kilirudi nao nyumbani, na sisi tunaokifundisha hapa tunajua kilivyoendelea kunuka bunduki masikioni mwa raia hadi vizazi vya baadaye. Ndiyo maana siwezi kuichukulia hamu ya wengine juu ya vita kuwa burudani tu.

Mwalimu atakayependa kuitumia filamu hii asianze na gwaride. Aanze na meza yenye viti vitupu, asimamishe, awaulize wanafunzi nani hayupo. Kisha arudishe nyuma hadi kwenye mbwa.