Zana Isiyobahatisha

Ubora wa programu huupimi inapojibu, huupima inapokosa jibu. Kwa kipimo hicho sijaona inayoishinda ipmitool, zana ya mstari wa amri isiyo na dirisha wala vitufe, ambayo mafundi wa seva wameitumia kwa zaidi ya miaka ishirini kujulia hali mashine zilizo mbali nao.

Kwenye bodi mama ya seva nyingi hukaa kompyuta nyingine ndogo, yenye prosesa na kumbukumbu zake, na mara nyingi tundu lake la mtandao. Mafundi huiita BMC. Maadamu waya wa umeme umechomekwa, yenyewe iko macho hata seva ikiwa imezimwa, kama bawabu wa nyumba ambayo mwenyewe amelala. Itifaki ya kuzungumza nayo, IPMI, ilitolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC. Toleo la 2.0 likafuata mwaka 2004. Katikati ya matoleo hayo ndipo Duncan Laurie alipoandika ipmitool na kuuacha msimbo wake wazi.

Andika ipmitool sdr. Kila kihisi kinapata mstari mmoja: jina, kipimo, hali. Joto la prosesa ni nyuzi 41, sawa. Feni ya kwanza inazunguka, sawa. Feni ya pili imesimama: sifuri, na alama ya hatari. Ya tatu, ambayo kihisi chake hakijibu, haiandikiwi sifuri. Inaandikiwa ns, yaani hakuna kipimo. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kuamshwa usiku kwa ajili ya feni ambayo haikuwahi kufungwa. Feni iliyokufa inamtaka fundi na bisibisi yake. Nafasi tupu haimtaki mtu. Zipo dashibodi za kupendeza, zenye rangi na michoro, zinazovichanganya viwili hivyo bila haya.

Adabu hiyohiyo iko kwenye daftari la matukio, linalosomwa kwa sel list. BMC ambayo saa yake haijawekwa huhesabu sekunde tangu ilipowaka. Programu ya kivivu ingezichukua sekunde hizo na kukuambia kwamba pawasaplai iliharibika Januari 1970, kabla seva yenyewe haijatengenezwa. ipmitool inaandika tu kwamba tukio ni la kabla ya saa kuwekwa. Tarehe haitungi.

Na kwa kuwa majibu yake ni maandishi makavu yaliyotenganishwa kwa vistari wima, awk inayakata, grep inayachuja, na kitanzi kimoja cha shell kinapita seva zote za chumba kabla chai haijapoa.

Nisiisifu kupita kiasi. Kati ya power status, inayouliza tu, na power cycle, inayokata umeme na kuurudisha, kuna neno moja, wala haikuulizi kama una hakika. Anayeandika nywila kwa -P anaiacha kwenye historia ya shell. Afadhali -f, inayoisoma kutoka kwenye faili.

Itifaki yenyewe ina kasoro nzito zaidi. Mwaka 2013 Dan Farmer aliwaonyesha walimwengu kwamba katika IPMI 2.0, BMC humpa anayebisha hodi alama iliyokokotolewa kutokana na nywila kabla ya kumthibitisha, naye akaondoka nayo kwenda kuifumbua kwa nafasi yake. Hakuna zana inayotibu hilo. Ndiyo maana BMC hutengewa mtandao wake, mbali na intaneti. Kasoro nyingine, ya kukubali nywila yoyote ile kwa usimbaji namba sifuri, inakaguliwa kwa ipmitool yenyewe: iambie -I lanplus -C 0 kwenye mashine unayoisimamia, na uipe nywila ya uongo. Ukikataliwa, nenda mashine inayofuata. Ukipokelewa, ahirisha mikutano yote ya siku hiyo.