Mimi Mbaraka Nimemwona

"Mimi Mbaraka nimemwona." Nimeisikia sentensi hii Mgeta mara nyingi kiasi kwamba sasa naichukulia kama utanzu wenye kanuni zake, kama zilivyo ngano na vitendawili. Msemaji ni mwanaume. Umri wake ni miaka sabini na kitu kwenda juu. Anasema "nimemwona", si "nimemsikia", na hataji jina la pili kwa sababu Mbaraka ni mmoja tu. Anaitamka katikati ya mazungumzo ya mambo mengine, bei ya njegere au ubovu wa barabara, kama mcheza karata anayeshusha turufu. Kisha anakaa kimya ili wewe uulize: wapi?

Kwa msomaji wa rika langu, ambaye huenda anamjua kwa nyimbo mbili tatu za redioni tu: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 60, akawa mwimbaji na mpiga gitaa la solo aliyeipa bendi ile sauti yake, akaenda nayo hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, akaondoka mwaka 1973 kuanzisha Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Hakufikisha miaka thelathini na mitano. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka uleule aliozaliwa yeye. Na mji huohuo, mji kasoro bahari, ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyoanza mwaka 1948. Bendi mbili za ukubwa ule ndani ya mji mmoja wa mkoani, na wapenzi wa huku hawakuwasifia wapenzi wa kule hata kwa bahati mbaya. Mpaka leo ukimtaja Mbaraka mbele ya mtu wa Cuban Marimba, atakujibu kwa Salum, au kwa Juma Kilaza aliyeshika bendi baada ya Salum kufariki.

Sijakutana na mzee anayesema bendi zilipanda Mgeta. Wao ndio walioshuka. Kwa hiyo kila simulizi ya "nimemwona" huanza barabarani: kabichi zimepakiwa, lori linashuka usiku, kona hazihesabiki, mtu amekaa juu ya magunia ameshika viatu mkononi visichafuke. Mboga zinauzwa asubuhi. Mchana kulala mahali popote. Usiku dansi. Mzee mmoja wa upande wa Nyandira alinisimulia safari hii kwa karibu nusu saa, na Mbaraka mwenyewe alipofika jukwaani alipata sentensi mbili: alikuwa mwembamba, na alikuwa anacheka na gitaa.

Mtu aliyefundishwa uhakiki kama mimi hukereka hapo. Umekuja kutafuta muziki, unapewa lori. Lakini kabla ya kukereka ni vizuri kuuliza ni kitu gani hasa kumbukumbu ya namna hii imeundwa kukihifadhi.

Mpenzi wa jazi wa Chicago akisikiliza Morogoro Jazz atauliza jazi yenyewe iko wapi. Kwetu neno hilo lilikuja kama cheo cha bendi: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Lilimaanisha watu wenye magitaa, tarumbeta na tumba wanaopiga dansi la kisasa. Sauti yenyewe ilikuwa na deni kubwa zaidi kwa Cuba, kupitia santuri za GV zilizoenea Afrika tangu miaka ya 30, na baadaye kwa Kongo. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wazee wa Mgeta na wazee wa jazi ya Marekani wanafanana kabisa, nalo ni fahari ya kuwapo. Huko New Orleans walikuwapo waliosema wamemsikia Buddy Bolden, mpiga koneti aliyepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na kufia huko mwaka 1931, bila kuacha sauti yoyote tunayoweza kuisikia leo. Tunachojua kuhusu upigaji wake kimetoka vinywani mwa waliokuwapo, na vinywa hivyo vilisema koneti yake ilisikika maili kadhaa. Vilisema pia alikuwa kinyozi. Donald Marquis akaenda kwenye nyaraka, akachapisha kitabu chake mwaka 1978, ikaonekana hakuwa kinyozi. Waliokuwapo walikosea kazi ya mtu, lakini habari za koneti hatuna mwingine wa kumwuliza.

Sisi tuna bahati kwamba Mbaraka aliacha sahani, tena nyingi. Tunaweza kumsikiliza mzee kwa sikio moja na santuri kwa sikio la pili. Hesabu pia inasaidia. Aliyetaka kumwona na Morogoro Jazz akiwa na umri wa kuruhusiwa na wazazi kulala mjini ilibidi awe amezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 50, au kabla. Wapo wenye miaka sitini na miwili wanaosema wamemwona, na mimi huwaitikia. Yupo aliyeniambia alimwona Salum Abdallah naye amevaa raizoni na suruali ya bugaluu. Salum alifariki mwaka 1965, naye kwa ajali ya gari, na viatu vya raizoni ni vya miaka ya 70. Simhesabu mzee huyu kuwa mwongo. Amechukua nguo alizozipenda ujanani akamvalisha mwanamuziki aliyempenda, na kama ukimwondolea raizoni hutabaki na kumbukumbu safi zaidi, utabaki na kumbukumbu ndogo.

Jambo jingine hesabu hulionyesha: Mbaraka wa Mgeta anaishia mwaka 1973 au karibu na hapo. Super Volcano na mtindo wake wa Masika wanaujua kwa redio, na jina hilo huwachekesha kidogo, maana kwao masika ni barabara kukatika na kabichi kuozea shambani. Wimbo "Shida" kila mtu anaujua, lakini sijampata anayesema aliuona ukipigwa. Miaka yake ya mwisho iko upande mwingine. Alifia Mombasa wakati mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa tangu Februari 1977, na ni kampuni ya Polygram ya Nairobi iliyokusanya nyimbo zake katika mfululizo ikauita *Ukumbusho*. Hivyo wenye kumkumbuka jukwaani wamegawanyika kama nchi zilivyogawanyika: wengi wa Morogoro wana Mbaraka kijana, na wengi wa Mombasa wana Mbaraka mkubwa. Hawajawahi kukaa meza moja kulinganisha.

Sasa turudi kwenye lori, na kwa nini muziki hupewa sentensi mbili.

Nyimbo za dansi la Tanzania za wakati ule zina sehemu mbili. Kwanza maneno: kisa kinasimuliwa, mke ameondoka, rafiki amesengenya, dunia ina mambo. Kisha maneno yanapungua, gitaa la solo linachukua, saksafoni na tarumbeta zinaingia, mwendo unapanda. Hii ndiyo chemko, na jina linajieleza kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na sufuria. Santuri ndogo ya nyimbo mbili haikuwa na nafasi ya vyote, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa nyuma. Chemko ikaenda nyuma, nayo ikapewa dakika chache. Ukumbini hakukuwa na upande wa nyuma. Chemko iliendelea kadiri wachezaji walivyotaka.

Tazama basi nini kimetokea kwa uhakiki wetu. Tunaosoma fasihi ya Kiswahili vyuoni tumezichukua nyimbo hizi tukazifanyia tulichojua kufanya: dhamira, maudhui, matumizi ya lugha, nafasi ya mwanamke. Nimesoma tasnifu za nyimbo za dansi, kurasa mia na zaidi, ambamo gitaa halikutajwa. Tumehakiki upande wa kwanza wa santuri na kuuita wimbo. Wazee wa Mgeta wamefanya kinyume. Ukiwaomba maneno ya wimbo wanayachanganya, beti ya wimbo huu wanaipachika kwenye ule. Ukiwauliza ilikuwaje gitaa lilipochukua, wanasimama. Nina maana hiyo hasa, wanainuka kwenye kigoda, na mguu mmoja unaanza kutafuta kitu chini. Kile walichokihifadhi hakikuhifadhiwa kwa maneno tangu mwanzo, na mimi nilikuwa ninakuja na daftari.

Hapa wananipa somo, lakini siwafuati mpaka mwisho. Wana kauli nyingine, kwamba aliyemsikia kwenye sahani hajamsikia. Nakataa. Ukumbini mzee alisikia solo moja mara moja, kwenye vipaza sauti vya wakati ule, huku watu wanapiga kelele na yeye mwenyewe amechoka kwa safari. Mimi nimesikiliza solo moja mara arobaini kwenye simu, nikipanda basi la Mgeta kutoka barabara kuu pale Sangasanga, na ninaweza kukuonyesha mahali ambapo Mbaraka anarudia kifungu kilekile mara tatu, halafu mara ya nne anakichelewesha kwa kiasi kidogo sana kiasi kwamba mguu unakosea. Nilimchezea mzee mmoja kipande hicho. Akasikiliza, akacheka, akasema hicho ndicho kilichowaangusha watu. Miaka zaidi ya hamsini alikuwa amebeba kuanguka kwa watu bila kujua sababu, na mimi nilikuwa na sababu bila kuona mtu ameanguka.

Wanawake wako wapi kwenye utanzu huu? Dansi la wawili wawili halichezwi na wanaume peke yao. Kila simulizi ina "wasichana wa mjini" waliovaa hivi na vile, na hakuna msichana wa mlimani. Niliwauliza bibi watatu. Wawili walisema dansi lilikuwa la wahuni na padri alikataza, kwa sauti ya watu waliokwisha kuulizwa swali hilo siku nyingi. Wa tatu alisubiri wajukuu watoke, akaniambia kwamba mume wake aliporudi kutoka mjini alimfundisha hatua za mtindo mpya jikoni, bila muziki, akihesabu kwa mdomo. Hakuwahi kumwona Mbaraka. Ila aliniimbia solo. Si maneno, solo, kwa midomo iliyobanwa, pamoja na mapumziko yake. Mume alikuwa amepanda nayo mlimani kichwani na kumkabidhi. Katika wote niliowasikiliza, sauti ya gitaa imekaa kwa bibi huyu, na kanuni za utanzu hazimruhusu kufungua mdomo, kwa sababu hawezi kuanza na "nimemwona".

Hoja hii ya nani anastahili kusema ina uchungu wake hata kwa wanaume. Kuna marafiki wawili, wazee wote, sitawataja. Walishuka pamoja kwenye lori moja mwishoni mwa miaka ya 60. Wa kwanza anasema waliingia wote ukumbini. Akinywa kidogo anasema mwenzake alibaki nje, kwamba fedha yake ya mboga haikutosha kiingilio. Wa pili anasema hiyo ni fitina, aliingia. Wamebishana jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, na watu wa pale hulichokoza makusudi kwenye sherehe, wakicheka. Mwenye kuchokozwa hacheki sana.

Niliwasikiliza kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza alinieleza mavazi ya bendi, taa, sakafu, jinsi Mbaraka alivyosimama. Gitaa alilisifu tu, kwamba lilikuwa zuri, zuri kabisa. Wa pili hakuwa na taa wala mavazi. Alinieleza kuwa besi ilikuja kwanza na ilitoka chini, unaisikia kifuani kama umeegemea kitu. Kwamba saksafoni ilipita juu. Kwamba gitaa la Mbaraka lilikuwa linakuja na kupotea, mlango ukifunguliwa linatoka lote, mlango ukifungwa linabaki jembamba kama uzi, na kwamba wakati wa chemko halikupotea tena hata mlango ukifungwa. Sijasoma mahali popote maelezo ya sauti ya Morogoro Jazz yaliyo mazuri kuliko haya.

Ni maelezo ya mtu aliyeegemea ukuta kwa nje. Alipomaliza aliniambia chemko ya mwisho ilikuwa ndefu mpaka dereva wa lori akapiga honi, ndipo wakakimbia. Nilikuwa nimefunga daftari.

"Andika niliingia, mjukuu wangu," akasema.

Nikamwambia, "Sawa, babu."